SOMO: TUSISUBIRI BWANA AFYA

Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingi. Bwana afya akikuta uchafu anaweza kufunga kibanda, na mama lishe akakosa ada ya watoto. Tunashauri kamati za sharika zikague mapema, pamoja na akina mama lishe wenyewe:

1. Maji ya kunywa yamechemshwa; ya kunawa yanatiririka, na sabuni ipo.
2. Nyama mbichi ina kisu na ubao wake.
3. Chakula kilichopikwa hakikai bila moto kwa zaidi ya saa 2.
4. Wapishi wamepimwa afya.

Ndoo yenye koki ni msaada mdogo unaolinda walaji wengi. Bwana afya huja siku moja. Walaji huja kila siku.