Mmea Upendao Unyevu

Katika misitu ya milima ya Afrika ya Mashariki, kando ya vijito visivyokauka, huota mmea mfupi utambaao juu ya udongo kama mkeka wa kijani. Shina lake ni jembamba kama uzi. Majani yake ni madogo sana, nayo yamejipanga safu nne: mbili pembeni za majani makubwa kidogo, na mbili juu ya shina za majani madogo zaidi. Wataalamu huuita Selaginella kraussiana, kwa heshima ya Krauss, Mjerumani aliyesafiri Afrika ya Kusini tangu mwaka 1838 hata 1840. Katika somo hili utaitwa selajinela.

Mtu akiitazama kwa haraka atadhani ni kuvumwani. Sivyo. Kuvumwani ni mmea usio na mizizi ya kweli, wala mishipa ya kupitishia maji. Selajinela ina yote mawili. Haichanui maua wala haizai mbegu, bali huzaa kwa chembe ndogo kama vumbi, mfano wa kangaga. Ukoo wake ni wa kale mno. Yapata miaka milioni 300 iliyopita, baadhi ya jamaa zake walikuwa miti ya kufikia mita 30, iliyoota penye mabwawa. Miti hiyo ilipozikwa ardhini iligeuka kuwa makaa ya mawe.

Mmea huu waweza kutunzwa nyumbani hata Rusimbi, katika mji wa Kigoma, lakini si bila kazi. Wakati wa kiangazi mvua hukatika, hewa hukauka, na vumbi huingia madirishani. Iko jamaa yake moja katika jangwa la Mexico ambayo ikikauka hujikunja kama ngumi, na ikipata maji hufunguka tena. Selajinela ya msituni haina uwezo huo. Ikisha kukauka kabisa imekufa, na maji yote ya Ziwa Tanganyika hayawezi kuifufua.

Basi, atakaye kuitunza na achague chombo kipana, kisicho na kina kirefu, chenye tundu chini. Achanganye udongo mweusi, majani yaliyooza, na mchanga kidogo. Akiweke chombo penye mwanga, lakini jua lisipige majani; hatua mbili ndani ya dirisha panafaa. Kila asubuhi aguse udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu, atie maji. Ukiwa na unyevu, auache, kwa maana mizizi ikikaa majini siku zote huoza. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa sababu maji ya ziwa yana madini yenye asili ya magadi.

Iko njia nyingine. Mwaka 1829 hivi, Nathaniel Ward, daktari wa London, aliweka kifukofuko cha nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika. Aliona mvuke ukipanda mchana, ukashika kioo, kisha ukarudi udongoni. Baada ya siku kadhaa kangaga na nyasi vikachipua humo. Vivyo hivyo selajinela hustawi katika chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, wala haihitaji maji mara kwa mara. Ila chupa hiyo isiwekwe juani, isije ikaupika mmea.

Kisahani kilicho chini ya chombo kimwagwe maji mara kwa mara. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na katika siku 7 hadi 14 mayai hayo huweza kuwa mbu kamili. Haifai pambo la nyumba liwe chanzo cha homa.

Atakaye mmea wa pili hana haja ya kwenda kung'oa kijitoni, maana mizizi ya mimea ya ukingoni huzuia udongo usichukuliwe na maji. Tena katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyo kaskazini ya Kigoma, tangu mwaka 1968, mimea haichukuliwi ovyo. Kipande cha shina cha sentimita 5, kikilazwa juu ya udongo wenye unyevu na kufunikwa kwa kioo, hutoa mizizi chenyewe.

Hatari kubwa ni likizo ya katikati ya mwaka. Darasa hufungwa, kiangazi ni kikali, na kila mwanafunzi hudhani mwenzake atatia maji. Mmea wa watu wote huwa mmea wa mtu hata mmoja asiyeukumbuka. Kwa hiyo yafaa majina ya wenye zamu yaandikwe kabla ya kufunga shule. Kikombe kimoja cha maji ni kazi ndogo; lakini kikikosekana siku chache tu, kazi ya mwaka mzima hupotea.

Maswali
1. Selajinela na kuvumwani hutofautianaje?
2. Kwa nini chupa iliyofunikwa haihitaji maji mara kwa mara?
3. Kisahani chenye maji kina hatari gani?
4. Andika orodha ya zamu za kutunza mmea wa darasa lako wakati wa likizo.