Mkondo wa STEM katika Sekondari Pevu: Unamwandaa Mwanafunzi wa Garissa kwa Kazi Gani?

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu Januari 2026. Watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Tofauti na wakubwa wao wa mfumo wa 8-4-4, hawa wametakiwa kuchagua mkondo mapema: STEM, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Lengo la Wizara ya Elimu ni kwamba takriban asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM.

Mtoto wa miaka kumi na mitano anapochagua masomo yake, anafungua milango fulani ya kazi na kufunga mingine. Makala haya yanaeleza mkondo wa STEM una nini ndani yake, unajenga ujuzi upi, na mambo ambayo mzazi au mlezi anafaa kuuliza shuleni kabla uchaguzi haujakamilika.

Kwa nini jambo hili linaihusu kaunti

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, shule za sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hata hivyo, afya ya kaunti, huduma za mifugo na usambazaji wa maji ni majukumu ya Serikali ya Kaunti. Ndiyo kusema muuguzi wa zahanati, mtaalamu wa maabara, afisa wa mifugo na fundi wa pampu ya kisima wote huanzia katika darasa la sayansi la sekondari. Darasa hilo likiwa dhaifu leo, pengo litaonekana zahanatini na kisimani baada ya miaka sita au saba.

Mkondo wa STEM una matawi matatu

Tawi la kwanza ni sayansi halisi: Fizikia, Kemia na Biolojia. La pili ni sayansi tumizi, kama vile Kilimo, Kompyuta na Sayansi ya Nyumbani. La tatu ni masomo ya kiufundi: umeme, ujenzi, useremala, kazi ya vyuma, mitambo na mengineyo.

Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na somo la huduma kwa jamii. Juu ya hayo huchagua masomo matatu. Wanafunzi wa STEM husoma Hisabati kamili, na wale wa mikondo mingine wamewekewa Hisabati iliyo nyepesi zaidi.

Masomo hayo matatu ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa. Kijana anaweza kuwa katika mkondo wa STEM na bado akakosa somo ambalo kazi anayoitamani inalidai. Anayetaka uhandisi anahitaji Fizikia na Kemia pamoja na Hisabati. Anayetaka uuguzi, udaktari au kazi ya maabara hawezi kuacha Biolojia na Kemia. Anayetaka kuwa mwalimu wa sayansi anahitaji kufanya vyema katika masomo mawili atakayofundisha. Kusema tu kwamba “mtoto wangu yuko STEM” hakutoshi.

Fizikia na pampu ya kisima

Garissa ina jua la kutosha. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kinaweza kuzalisha takriban megawati 55. Vijijini nako, visima vingi vinahama kutoka jenereta ya dizeli kwenda paneli za jua. Hebu tuangalie hesabu moja ambayo fundi hukutana nayo.

Pampu inahitaji wati 3,000. Paneli zilizopo zimeandikwa wati 400 kila moja. Anayegawanya tu atapata 7.5, na ataagiza paneli 8. Lakini maandishi ya kiwandani hupimwa paneli ikiwa na joto la digrii 25. Paneli nyingi za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila digrii inayozidi hapo. Adhuhuri ya Garissa paneli inaweza kufika digrii 60, yaani digrii 35 zaidi. Hasara yake ni asilimia 14. Paneli ya wati 400 sasa inatoa wati 344, na paneli 8 zinatoa wati 2,752. Pampu haipati nguvu yake yote saa ambayo ngamia na mbuzi wamepanga foleni. Paneli 9 zinatoa wati 3,096. Hapo bado vumbi halijahesabiwa.

Mafundi wawili wanaweza kuwa na spana zilezile. Aliyesoma Fizikia anajua kwa nini paneli ya tisa inahitajika, na anaweza kuieleza kamati ya maji kabla fedha hazijatumika.

Biolojia na mafuriko

Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Kaskazini Mashariki, na Garissa ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuathirika. Watu zaidi ya 150 walifariki nchini kabla ya mlipuko huo kwisha mwaka 2007. Mlipuko mwingine ulikuwa umeikumba sehemu hii baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Biolojia inaeleza kwa nini ugonjwa hupotea miaka mingi kisha ukarudi. Kuna aina ya mbu wanaotaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji. Mayai hayo huweza kubeba virusi na kustahimili ukame kwa miaka. Mafuriko yakija, mayai huanguliwa, mbu huwauma mifugo, kondoo na mbuzi huharibu mimba kwa wingi, na watu huambukizwa kupitia damu, nyama au maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu.

Kijana wa jamii ya wafugaji aliyelielewa somo hili anaona kundi la kondoo waliotoa mimba baada ya mafuriko, na anajua kwamba hiyo ni taarifa ya kupelekwa kwa afisa wa mifugo siku hiyohiyo. Atajua hivyo awe daktari wa mifugo, mwalimu au mfanyabiashara wa soko la mifugo la Garissa.

Ujuzi unaobaki baada ya mtihani

Si kila anayesoma STEM atafanya kazi ya sayansi. Hata hivyo kuna mambo manne anayobaki nayo akifundishwa ipasavyo.

Kwanza, kupima na kuandika. Anayepima chumvi ya maji ya kisima kwa kuchemsha lita moja hadi ikauke, kisha akapima uzito wa kilichobaki, anajifunza kutokubali neno “maji haya ni mazuri” bila kipimo.

Pili, kurudia. Jaribio la mara moja linaweza kudanganya.

Tatu, kukadiria. Dawa ikiandikwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180. Muuguzi akiona 1,800 imeandikwa kwenye karatasi, ashtuke kabla ya kuitoa.

Nne, kufanya kazi kwa kundi na kueleza matokeo kwa lugha ambayo mzee wa kijiji anaielewa. Mtaalamu asiyeweza kujieleza kwa wananchi hukwama hata kama hesabu yake ni sahihi.

Ujuzi huu hauji kwa kunakili ubaoni. Unatokana na mikono. Ndiyo sababu mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 na Kenya kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani, uliwafunza walimu wa Hisabati na sayansi kuendesha vipindi kwa vitendo, na kubuni vifaa kwa kutumia vitu vilivyo karibu pale maabara inapokosa vifaa. Kazi hiyo inaendelea kupitia kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi.

Funzo kutoka Keriko

Kwa kuwa kundi la kwanza la Sekondari Pevu halijahitimu, ushahidi unatafutwa kwa shule zilizotangulia. Mfano unaojulikana sana ni Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, iliyoko katika eneo kame ambalo njaa na ukame si mambo mageni. Mwalimu wake wa Hisabati na Fizikia, Peter Tabichi, alitunukiwa tuzo ya Mwalimu Bora Duniani ya 2019 mjini Dubai.

Wakati huo shule ilikuwa na kompyuta moja, na darasa lilikuwa na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Kilichofanyika ni kuimarisha klabu ya sayansi, kuwasaidia wanafunzi wanyonge katika Hisabati nje ya saa za darasa, na kuwapa miradi inayotatua shida halisi. Wanafunzi walibuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, na wakafika mashindano ya kitaifa ya sayansi na uhandisi. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya chuo. Mwaka 2018 idadi ilifika 26.

Keriko haikuwa na jengo la kifahari. Ilikuwa na mwalimu aliyekaa.

Pengo la walimu

Hapo ndipo penye uzito kwa Garissa. Tarehe 13 Januari 2020, washambuliaji waliwaua walimu watatu huko Kamuthe. Baadaye TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki, na shule nyingi zikabaki na uhaba mkubwa wa walimu, hasa wa Hisabati na sayansi.

Usalama ni wajibu unaoendelea, na walimu kutoka kila pembe ya nchi wanakaribishwa. Lakini tukio hilo lilifundisha kwamba eneo lisilolea walimu wake wa sayansi linaweza kubaki bila somo kwa wiki moja tu. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 anayependa Kemia leo anaweza kuwa mwalimu wa Kemia wa Hulugho, Ijara au Balambala kesho. Vivyo hivyo kwa mabinti: kina mama wengi hupendelea kuhudumiwa na mwanamke wakati wa kujifungua, na mkunga huyo hawezi kupatikana ikiwa binti aliondolewa Biolojia kwa kuambiwa kwamba sayansi ni ya wavulana.

Maswali ya kuuliza shuleni

Mzazi au mlezi anashauriwa kumwuliza mwalimu mkuu yafuatayo:

1. Shule inafundisha mchanganyiko upi wa masomo ya STEM, na je, kila somo lina mwalimu?
2. Wanafunzi hufanya majaribio kwa vitendo mara ngapi kwa muhula?
3. Je, kuna klabu ya sayansi, na wasichana wanashiriki?
4. Mchanganyiko aliouchagua mtoto unamruhusu kusomea kazi zipi, na haumruhusu zipi?
5. Akitaka kubadilisha somo, mwisho ni lini?

Wanafunzi wa 8-4-4 walioko Kidato cha 3 na cha 4 wasisahauliwe. Mtihani wa mwisho wa KCSE kwa mfumo huo ni wa 2027, na kwao pia masomo ya sayansi ndiyo yanayofungua vyuo hivyohivyo.

Baada ya sekondari

Si lazima kijana aende mbali. Mjini Garissa kuna bewa la KMTC kwa kozi za afya, North Eastern National Polytechnic kwa ufundi, na Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2017. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinawapokea pia wale ambao alama zao hazikutosha kwingine. Fundi umeme aliyeanza na cheti anaweza kupanda hadi diploma na zaidi.

Zoezi la nyumbani

Mzazi na mwanafunzi wafanye pamoja: pampu inahitaji wati 2,000, na paneli za wati 400 zimepata joto la digrii 60. Zinahitajika paneli ngapi? Anayesoma maandishi tu atasema 5. Jibu ni 6. Mwanafunzi akiweza kumweleza mzazi wake kwa nini ni 6, hilo somo limemwingia.