Jinsi ya Kuchora Waokota Korosho wa Kitangari Palepale Shambani

Mwaka 1857 Mfaransa Jean-François Millet alichora wanawake watatu walioinama kuokota masuke yaliyosazwa na wavunaji. Hapa Kitangari, Oktoba ikishaingia, migongo ya namna hiyo iko chini ya kila mkorosho. Millet alimalizia picha zake ndani; wachoraji Pissarro na Monet, waliokuja baadaye, walibeba rangi mpaka shambani. Tufuate njia yao.

1. Andaa ubao. Chukua hadibodi yenye ukubwa wa daftari kubwa. Ipige msasa, ipake rangi nyeupe ya ukutani mara mbili, iache ikauke. Usiudharau ubao huo: mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichorea hadibodi. Rangi za akriliki nne zinatosha: nyekundu, manjano, buluu na nyeupe. Nyeusi iache nyumbani. Beba na maji yako, maana huku maji yanaweza kuwa ya shida, na si vizuri kumwomba mwenye shamba ya kuoshea brashi.

2. Omba ruhusa siku moja kabla. Msimu wa korosho, mgeni anayezungukazunguka shambani hutiliwa shaka na wenye shamba, na ni haki yao. “Shikamoo, mama. Naomba kesho nikae pale mnapookota, niwachore.” Akikubali, kesho yake anza kwa kuokota pamoja nao. Ukiinama mwenyewe utajua uzito unakaa wapi, kiunoni na magotini, na mkono wako utaukumbuka utakapochora.

3. Wahi. Chora kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hapa hupita karibu kabisa na utosi. Vivuli hujikunja chini ya miti na rangi hupauka. Chora mpaka wa vivuli mapema kwa penseli, kisha usivifuate vikihama. Monet alipochora marundo ya mavuno mwaka 1890 na 1891, nuru ilipobadilika alibadili turubai. Wewe rudi kesho saa ileile.

4. Anza na kivuli, si majani. Matawi ya mkorosho hushuka hadi karibu kugusa ardhi, kwa hiyo kivuli chake ni kipande kimoja kizito. Kipake chote kwanza. Hapa ndipo wengi huharibu kwa kukifanya cheusi. Kitazame vizuri: juu ya udongo mwekundu kinaelekea zambarau iliyofifia, na pembezoni, mchanga unapong'aa, majani ya chini hupata wekundu kwa nyuma. Hata kanga nyeupe ikiwa kivulini ina ubuluu. Changanya nyekundu na buluu, ongeza manjano kidogo, jaribu pembeni mwa ubao mpaka mchanganyiko ufanane na unachokiona.

5. Chora watu. Hawatatulia, na usiwaambie watulie. Kazi yenyewe hujirudia: anainama, anaokota, ananyofoa korosho kwenye bibo, anaitupa ndooni. Chagua kitendo kimoja, ngoja kirudi, ongeza mstari. Sura si lazima. Mgongo, kiwiko na vidole vilivyoshika bibo vinatosha kumtambulisha mtu.

6. Mabibo yaweke mwisho, madoa machache mekundu na ya manjano. Yakizidi, jicho halitawaona tena waokotaji.

7. Waonyeshe kabla hujaondoka. Watakwambia ndoo imekaa upande usio wake, au kwamba hakuna anayeinama vile. Rekebisha palepale, nao wakiwa bado mbele yako.