Unaiona nyumba, huoni beseni

Wadogo zangu, siku hizi mnaniandikia jambo lile lile kwa sura tofauti: dada, umri unakwenda, wenzangu wana magari, mimi bado naungaunga mtaji. Halafu mnanitajia Madam C. J. Walker, yule Mmarekani Mweusi aliyetajirika kwa dawa za nywele. Mbona yeye aliweza? Haya, sogeeni. Mmemsoma ukurasa wa mwisho tu.

Jina alilozaliwa nalo ni Sarah Breedlove. Alizaliwa Delta, Louisiana, mwaka 1867, kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Kufikia miaka 7 hana baba wala mama. Ana miaka 14 kaolewa, ana 20 ni mjane na mtoto mdogo mgongoni. Akaenda St. Louis walikokuwa kaka zake vinyozi, akawa anafua nguo za watu kwa kama dola moja na nusu kwa siku. Tena si msimu mmoja, mdogo wangu. Karibu miaka 18 mikono yake imo kwenye beseni! Juu ya yote, nywele zikaanza kunyonyoka. Nanyi mnaokaza kilemba hata kwenye joto la mchana mnaijua aibu hiyo.

Sasa sikiliza wewe unayeona haya kuuza bidhaa ya mwingine. Sarah alianza kwa kuuza dawa za nywele za mfanyabiashara Annie Malone, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1905, akiwa na miaka 37, akahamia Denver, na baadaye ndipo akatoa mafuta yake mwenyewe. Miaka 37! Na wewe wa 26 unanililia kwamba umechelewa. Hebu futa machozi.

Mume aliyeolewa naye baadaye, Charles Joseph Walker, alimsaidia kwenye matangazo, lakini biashara iliposhika kasi yeye akaona kinachopatikana kinatosha, mke akaona ndiyo kwanza kumekucha. Wakaachana mwaka 1912. Sikutumi ukagombane na baba watoto, usije ukanisingizia. Nasema hesabu za ndani ziongelewe mapema, maana kinyongo kinachofichwa chumbani hutokea dukani.

Mwaka huo huo, Chicago, kulikuwa na mkutano wa wafanyabiashara Weusi chini ya kiongozi wao, Booker T. Washington. Mama wa watu anaomba nafasi ya kusema, mzee anamruka. Siku ya mwisho akasimama bila kuitwa, akawaambia alikotoka: mashamba ya pamba, kufua, jikoni, hadi kiwanda chake mwenyewe. Mwaka uliofuata akaalikwa kuzungumza. Lakini angalieni, alisimama akiwa na kiwanda. Wengine mnasimama na maneno matupu, mkinyamazishwa mnasema mnaonewa wivu.

Na lile jumba lake la Irvington mnalolitamani? Alihamia mwaka 1918, Mei 1919 akafariki, ana miaka 51. Hakulikalia hata miaka miwili. Zile sifa za kwamba alikuwa na mamilioni nazo zipunguzeni. Mali aliyoacha ilikadiriwa kati ya dola 600,000 na 700,000. Nyingi sana, ila watu wanapenda kukuza.

Mimi kinachonigusa zaidi ni mkono wake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka 1911 aliahidi dola 1,000 kwa jengo la YMCA la Weusi pale Indianapolis, na karibu na kifo chake akaahidi 5,000 za kupinga mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya watu. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala waliouza bidhaa zake Philadelphia, wanawake zaidi ya 200, akatoa zawadi kwa waliouza sana, na pia kwa waliotoa sana kusaidia wengine. Ndiyo maana nawagombeza mnaosema “nikipata nitasaidia” huku mchango wa kikoba wa mwezi uliopita hamjalipa. Wewe uliyeniandikia kwamba mwenyekiti wenu ana roho mbaya, mpelekee kwanza hela yake, ndipo unisimulie ubaya wake.