Thamani Kwanza, Kisha Ufunguo

Somo letu la leo ni la sokoni. Lakini mlango wa biashara umo katika vitabu vya fikihi kama ulivyomo mlango wa tohara, na wengi wetu huupita mbio mpaka siku wanapodhulumiwa.

Mmoja katika jamaa wanaohudhuria darsa letu alikuwa na gari, Toyota Probox, akichukulia samaki na mboga, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto wake. Akataka kuiuza apate kununua kubwa zaidi. Siku ya Ijumaa baada ya Alasiri akajiwa na mnunuzi mwenye kanzu safi na maneno matamu. Wakakutana karibu na Fort Jesus, maana vichochoro vya mtaani kwake havipitishi gari, wakapatana shilingi 420,000. Mnunuzi akabonyeza simu yake, na mara ile simu ya ndugu yetu ikalia: ujumbe wa kwamba amepokea fedha zote. Akatoa ufunguo na logibuku, akaona haya kutazama salio mbele ya mgeni wake. Alipotazama baada ya Magharibi hakuona kitu, na nambari ya mnunuzi haikushika tena.

Ujumbe ule ulikuwa wa uwongo, na dalili zake zilikuwa dhahiri kwa mwenye kutua. Haukutoka kwa M-Pesa, ulitoka kwa nambari ya mtu. Tena M-Pesa, iliyoanza katika nchi yetu mwaka 2007, tangu mwaka 2023 haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja. Basi 420,000 zitaingiaje kwa ujumbe mmoja?

Sisi twaona kwamba kilichomponza khasa si ujinga wa simu, bali ni haya. Watu wa miji yetu huona kuhesabu fedha mbele ya mtu, au kumtaka aweke sahihi, ni kumtuhumu. Na akiwa amevaa kofia, basi ndiyo kabisa! Na hali aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratil Baqara, yahusu nini? Yahusu deni, na kuandikiana, na kuweka mashahidi. Na waliosemezwa humo ni walioamini, wao kwa wao. Hata biashara ya papo kwa papo, iliyosamehewa kuandikwa, imeagizwa ishuhudiwe.

Tena Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaji kwamba mwenye kuuza, akichelea kupotewa na thamani yake, ana haki ya kuizuia mali mpaka aipokee, wala hapana khilafu katika hilo. Amma aliyeridhia mwenyewe kulipwa baada ya muda, haki hiyo hana. Basi mwenye kuitoa gari kabla ya kuthibitisha fedha huwa amekopesha bila kujua, tena bila kuandika.

Kupokea ni nini, basi, katika zama zetu? Si ujumbe, wala si karatasi yenye muhuri wa benki, kwani mihuri huchongwa. Kupokea ni kuiona fedha katika hesabu yako kwa kuuliza wewe mwenyewe: kwa simu yako, au kwa karani wa benki yako. Hundi ina hatari yake pia, kwa kuwa huweza kuonekana imeingia nayo haijapita. Kuandika hundi isiyo na fedha ni kosa la jinai katika Kenya, lakini kufungwa kwa mtu hakukurudishii gari. Tena tangu mwaka 2009 hundi ya shilingi 1,000,000 au zaidi haipiti baina ya benki na benki.

Mwenye kuleta noti, mwende naye benki, zihesabiwe na zipitishwe katika mashine pale pale, ziingizwe katika hesabu yako. Usizibebe mfukoni kurudi Kibokoni. Na tazama jina la aliyetuma fedha: likiwa si la mnunuzi, uliza sababu kabla ya kuridhia, huenda ni mali ya mtu mwingine aliyeibiwa. Mwenye kutuma kwa M-Pesa aweza pia kudai kwamba amekosea nambari, akaomba arudishiwe. Hapo ndipo mkataba wenye sahihi, nambari za vitambulisho na mashahidi wawili utakapokusemea.

Jambo la jina nalo lisiachwe. Sheria ya barabara humhesabu kuwa mwenye gari yule aliyeandikishwa, mpaka ithibitike vinginevyo. Basi ukishapokea, usimwachie mnunuzi logibuku na ahadi. Wewe ndiwe unayeanzisha uhamisho wa jina katika mtandao wa NTSA, naye huukubali upande wake. Ukiuanzisha kabla ya fedha umeitoa gari kwa mlango mwingine. Ukiuacha baada ya fedha, gari ikigonga mtu utatafutwa wewe.

Na mnunuzi akija Ijumaa jioni, benki zimefungwa, akahimiza kwamba safari yake ni usiku huu huu, mpe kahawa na tende, mwandikiane mkipenda, na gari ilale kwako mpaka Jumatatu.