Nateete kwenye simu yako: chagua kimoja, subiri, hariri kidogo

Picha hapa Nateete, Kampala, hazikosekani. Tatizo ni kwamba zote zinataka kuingia kwenye fremu moja. Simama dakika chache kando ya Barabara ya Masaka uone: taksi nyeupe zenye mchoro wa bluu, boda zimejipanga zikisubiri abiria, mwavuli wa wakala wa pesa, baiskeli imeelemewa na mikungu ya matooke, bango juu ya bango, na nyaya juu ya vyote. Ukiinua simu na kubonyeza tu, utavinasa vyote na mtazamaji hataona hata kimoja. Kazi yako hapa ni kupunguza.

Anza na saa. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua halina ratiba ngeni. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na kuzama karibu na saa hizo hizo jioni. Mwanga mzuri unaupata saa moja na nusu ya kwanza baada ya macheo na saa moja na nusu ya mwisho kabla ya machweo. Ukichelewa umechelewa, maana giza la ikweta halibembelezi. Jua likishazama, anga la bluu iliyokolea hudumu kama dakika ishirini hivi, basi.

Halafu jua mwelekeo. Kilima cha Rubaga kiko mashariki ya Nateete. Asubuhi jua linatokea upande huo, na ukilielekezea simu watu wote wanakuwa maumbo meusi. Hilo si kosa ukilitaka: mpanda boda na abiria wake, weusi tii mbele ya anga la dhahabu, ni picha inayojiuza. Jioni mambo yanageuka. Jua linakuja kutoka upande wa Busega na kukipiga kilima cha Rubaga usoni, pamoja na kanisa kuu la Wakatoliki na minara yake miwili. Tafuta upenyo kati ya majengo, au ghorofa yenye ngazi za nje, umwombe mlinzi dakika tano. Ukigeuka kuelekea Busega saa hiyo hiyo, utaona vumbi la barabarani limewaka. Vumbi tunalolilalamikia mchana kutwa ndilo linalokuletea picha jioni.

Mchana je? Jua liko utosini, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Usipige nyuso za watu waliosimama juani. Ingia sokoni, chini ya miavuli na mabati, ukae pale kivuli kinapoishia na mwanga unapoingia kwa ubavu. Ila angalia rangi ya mwavuli. Ukiwa mwekundu, kila aliye chini yake anakuwa mwekundu, na hata ukihariri vipi ngozi haitarudi sawa. Sogea kwenye mwavuli mweupe au kwenye baraza la duka.

Sasa chagua jukwaa kabla ya kumtafuta mchezaji. Tafuta ukuta wenye rangi moja nzito. Maduka yaliyopakwa njano ya MTN au nyekundu ya Airtel yamejaa, na kampuni hizo za simu zimekugharamia mandhari bila kujua. Simama mbele yake, weka fremu, subiri. Atapita mama na beseni la ndizi kichwani. Atapita kijana anasukuma baiskeli ya matooke. Usimkimbilie mtu na simu mkononi. Mwache aingie mwenyewe kwenye picha uliyokwisha kuitengeneza. Nusu ya ustadi wa picha za mtaani ni kusimama tu bila aibu.

Kama bado unadhani lazima uende Kololo kwa matajiri ndipo upate mandhari, fikiria Wakaliga, jirani hapa tu. Isaac Nabwana na wenzake wa studio ya Wakaliwood walitengenezea filamu za mapigano huko huko mtaani. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 imetazamwa hadi nje ya Uganda, na nyuma ya waigizaji unaziona nyumba za kawaida na vichochoro vya udongo.

Vyakula navyo usivipuuze, hasa saa moja usiku. Muuza rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, ana kila unachohitaji: balbu moja, moshi, mikono inayokwenda mbio, chapati inayogeuzwa. Zima fleshi. Simama upande wa pili wa mwanga, moshi uwe kati yako na balbu, ndipo utauona. Piga mikono, usihangaike na kibanda kizima. Na nunua rolex kwanza, bwana.

Kuhusu ruhusa sina mjadala mrefu. Mtu akiwa mdogo kwenye umati, piga. Akiwa ndiye picha yenyewe, muulize. Msalimie kwanza, kwa Kiganda kama unakiweza: «Wasuze otya nnyabo?» (umeamkaje mama, ikiwa asubuhi). Kisha: «Nkukube ekifaananyi?» (nikupige picha?). Wengi watacheka na kukubali. Akikataa, sema «webale», asante, na uende zako. Watoto usiwaposti bila mzazi kuridhia, na beji ya shule isionekane kamwe. Askari, kituo cha polisi na magari ya jeshi, viache. Hakuna laiki inayostahili alasiri nzima ya kujieleza.

Simu yako pia ilinde. Usisimame ukingoni mwa barabara umeinyoosha mkono mmoja. Boda ikipita kwa kasi, simu imekwenda. Egemea ukuta, vaa kamba ya mkononi, ukimaliza irudishe mfukoni.

Kabla ya kubonyeza, futa lenzi kwa nguo safi. Vumbi na mafuta ya vidole huharibu picha nyingi kuliko kamera mbovu. Washa mistari ya gridi ili nguzo zisimame wima. Gusa skrini pale unapotaka paonekane vizuri, ushikilie hadi ijifunge, kisha telezesha kidole kushusha mwanga kidogo. Kilichofifia unaweza kukiinua baadaye. Anga lililoungua likawa jeupe halirudi. Zumu ya vidole iache, tembea usogee.

Ngozi yetu inahitaji uangalifu hapa. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, simu inaupima ukuta na kumzamisha yeye. Mgeuze, nyuma yake pawe na kivuli na mwanga umwangukie usoni. Hilo tu linashinda filta yoyote.

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hewa inasafishwa na barabara inakuwa kioo. Subiri mvua ikatike, shusha simu hadi iguse dimbwi, kamera ikiwa upande wa chini. Taa za taksi zitajirudia majini. Lakini Nateete ni bondeni, na mfereji wa Nalukolongo ukifurika nyumba za watu zinaingia maji. Dimbwi la barabarani ni picha nzuri. Godoro la jirani linaloelea si mapambo ya ukurasa wako.

Tukija kwenye kuhariri: Snapseed ni ya bure na inatosha. Lightroom ya simu ni nzuri ukitaka kugusa rangi moja moja. Fuata mpangilio huu kila mara. Nyoosha. Kata. Rekebisha mwanga. Gusa rangi. Acha.

Kukata ndiko kwenye faida kubwa. Angalia kona nne za picha, maana takataka hujificha huko: nusu ya kichwa, kioo cha taksi, mguu usio na mwenyewe. Kisipoongeza kitu, kikate. Mfuko wa kaveera ulioko pembeni unaweza kuufuta kwa kifutio cha Snapseed. Nyaya mimi huziacha. Anga la Nateete lisilo na waya hata mmoja linaonekana la uongo.

Kwenye rangi, mtego ni udongo. Ukipandisha rangi zote kwa pamoja, ule wekundu mzuri wa Kampala unageuka Fanta, na nyuso za watu zinaufuata. Kwenye Lightroom shusha rangi ya chungwa kidogo, kisha pandisha kijani au bluu ukipenda. Kipimo changu ni uso: ngozi ikishaacha kufanana na mwenyewe, umepitiliza. Filta za kung'arisha ngozi usiziguse.

Kwa Instagram kata wima, pikseli 1080 kwa 1350. Kwa stori na TikTok, 1080 kwa 1920, ukiacha nafasi juu na chini ambako vitufe hukaa. Upana wa 1080 unatosha, na tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda lina kodi ya asilimia 12, kwa hiyo usipakie faili zito bure. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, basi usiifanye nguzo ya mpango wako kama unaowalenga wako Kampala.

Posti picha tatu zinazoongea pamoja, si kumi zinazogombana. Kwenye kapsheni taja mahali, ukiandika Nateete na Natete zote mbili, maana watu hutafuta kwa namna zote. Lokesheni iweke ukishaondoka pale. Na yule uliyempiga picha mtumie yake siku hiyo hiyo. Kwa WhatsApp itume kama faili, isije ikafifia, na ukirudi wiki ijayo atakuonyesha mwenyewe pa kusimama.