Somo: Kukata na kuunga sauti bila kupotosha maneno ya mtu



Katika toleo hili tunajifunza kazi ambayo vilabu vingi vya redio hufanya kila juma: kuchukua mazungumzo marefu yaliyorekodiwa kijijini, kuondoa yasiyohitajika, na kuunga yanayobaki yawe kipindi kifupi. Kazi hii haihitaji studio kubwa. Kompyuta moja, hata ya zamani, pamoja na programu ya bure vinatosha. Ila inahitaji uangalifu mkubwa, maana unapokata sauti umeshika neno la mtu mkononi mwako.

Sisi wa eneo la Maziwa Makuu tunajua nguvu ya redio. Mwaka 1994, redio RTLM ya Rwanda ilitumika kuchochea mauaji. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti moja. Kwa upande mwingine, Radio Okapi ilipoanza mwaka 2002, watu wa Kongo waliokuwa wametenganishwa na vita waliweza kusikia habari za pande zote, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Chombo ni kile kile. Tofauti iko kwa wanaokitumia.

Siku tuliyokosea

Wakati mmoja tulirekodi mazungumzo kati ya wakulima na wafugaji wa kijiji kimoja cha Kivu ya Kusini. Ng'ombe walikuwa wamekula mahindi shambani. Mzee mmoja wa wafugaji alisema: «Sisi hatutalipa mahindi hayo mpaka tuitwe kikaoni. Tukiitwa, tutalipa.»

Kipindi chetu kilikuwa cha dakika kumi, na tulikuwa na sauti ya saa nzima. Usiku, tukiwa tumechoka, tulikata mbio mbio. Kilichosikika redioni kikawa hiki tu: «Sisi hatutalipa mahindi hayo.»

Siku ya soko iliyofuata, akina mama waliokuja kuuza maziwa walifukuzwa. Vijana walianza kusema maneno ya kulipiza. Hakuna aliyesema uongo redioni. Kila neno lililosikika lilitoka kinywani mwa mzee yule. Hata hivyo tulikuwa tumemgeuza mtu wa amani kuwa mtu wa ugomvi.

Kilichotuokoa ni faili la kwanza. Hatukuwa tumelifuta. Tulirudi kijijini, tukaomba radhi kwa mzee na kwa wakulima, tukawasikilizisha wote maneno kamili, kisha tukayatangaza tena. Kikao kiliitishwa, na mahindi yakalipwa. Tangu siku hiyo tunafuata hatua zifuatazo bila kuruka hata moja.

Hatua ya 1: Linda sauti ya asili

Ukitoa sauti kwenye kinasa sauti au simu, tengeneza nakala mbili. Moja iweke kwenye flashi au kompyuta nyingine, wala usiiguse. Nyingine ndiyo ya kufanyia kazi. Lipe faili jina linaloeleweka: tarehe, mahali na namba ya msemaji. Usiandike jina la mtu kwenye faili ikiwa habari yake inaweza kumletea hatari. Orodha ya namba na majina iwekwe mahali pengine pa siri.

Hatua ya 2: Sikiliza yote kabla ya kukata

Vaa spika za masikioni, chukua kalamu na karatasi. Sikiliza mwanzo hadi mwisho. Andika dakika na sekunde ambapo kila wazo linaanza na linapoishia. Weka alama maalum penye maneno kama «lakini», «mpaka», «ikiwa», «isipokuwa». Maneno haya ni bawaba ya mlango: ukiyatoa, mlango wote unaanguka.

Hatua ya 3: Kata

Programu nyingi za sauti hufanya kazi kwa namna inayofanana. Sisi tunatumia Audacity, ambayo ni ya bure na ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Ina menyu za Kifaransa kwa wanaotaka.

Fungua faili. Utaona sauti kama mawimbi: panapopanda, mtu anaongea, palipo tambarare, kuna kimya. Bonyeza kitufe kirefu cha nafasi ili kusikiliza, na ukibonyeze tena ili kusimamisha. Kwa kipanya, vuta juu ya kipande unachotaka kuondoa, kitabadilika rangi. Kisikilize kwanza, kisha bonyeza Delete. Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z pamoja, na kipande kitarudi.

Kata mahali penye kimya, kabla mtu hajavuta pumzi ya kuanza wazo jipya. Ukikata katikati ya pumzi, msikilizaji atasikia mshtuko. Kuza picha ya mawimbi ili uone vizuri. Usiondoe kila kimya. Mama anayesimulia jinsi alivyokimbia nyumba yake akinyamaza kidogo, kimya hicho nacho kinasema. Kiache.

Kama sauti yako ni ya MP3 na kompyuta ni dhaifu sana, iko pia programu ndogo ya Windows iitwayo mp3DirectCut. Inakata MP3 moja kwa moja bila kuibana upya, hivyo ubora haupungui.

Hatua ya 4: Unga

Ili kuunga vipande viwili, chagua kipande cha pili, kinakili kwa Ctrl na C, weka mshale mwishoni mwa kipande cha kwanza, kisha bandika kwa Ctrl na V. Acha kama nusu sekunde ya kimya kati yao.

Kimya hicho kisiwe kitupu kabisa. Kila mahali pana sauti yake: upepo, kuku, watoto kwa mbali. Kwa hiyo, mnapokuwa kijijini, rekodini pia sekunde 30 bila mtu kuongea. Kipande hicho mtakitumia kujaza nafasi, na maungio hayatasikika vibaya.

Lakini hapa pana mtego. Maungio yakiwa laini, msikilizaji hawezi kujua kwamba umekata. Kwa hiyo tuna sheria tatu. Kwanza, hatuungi jibu la swali moja kwenye swali jingine. Pili, hatubadilishi mpangilio wa maneno ndani ya wazo moja. Tatu, tunaporuka sehemu kubwa, mtangazaji anasema wazi: «Baadaye mzee aliendelea kueleza...» Maneno hayo machache yanamheshimu msemaji na msikilizaji pia.

Hatua ya 5: Hifadhi

Kuhifadhi mradi na kutoa faili la kutangaza ni mambo mawili tofauti. Mradi ni kazi yako ambayo bado unaweza kuirekebisha. Hifadhi kwa Ctrl na S kila baada ya dakika chache, maana umeme haupigi hodi unapoondoka. Wenye Audacity ya zamani, kabla ya toleo la 3 la mwaka 2021, wakumbuke kwamba mradi una faili pamoja na folda yake. Ukibeba faili peke yake kwenye flashi, utafika redioni bila sauti.

Kipindi kikikamilika, kitoe kama WAV au MP3. WAV ni bora lakini ni nzito: dakika moja ya sauti ya njia mbili huchukua kama megabaiti 10. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua kama megabaiti 1 kwa dakika. Kwa maongezi tu, kilobiti 64 kwa njia moja hutosha, na kipindi cha dakika 10 hakitafika megabaiti 5. Kila unapofungua MP3 na kuitoa tena kama MP3, ubora unapungua. Kwa hiyo fanya kazi kwenye mradi, na utoe MP3 mara moja tu, mwishoni.

Hatua ya 6: Rudisha kwa mwenye sauti

Hatua hii ndiyo tuliyoikosa siku ile. Kabla ya kutangaza, msikilizishe msemaji kipande chake, hata kwa simu. Muulize: «Je, haya ndiyo uliyotaka kusema?» Kisha mtafute mtu wa upande wa pili, ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi, umuulize alichoelewa. Kama majibu ya wawili hawa hayafanani, rudi kwenye kompyuta.

Pia muulize msemaji kama bado anakubali kusikika. Hali ya usalama inaweza kubadilika kati ya siku ya kurekodi na siku ya kutangaza. Akiogopa, usitegemee kubadilisha sauti yake iwe nzito au nyembamba, kwa kuwa majirani wanaweza kumtambua kwa namna anavyoongea, na sauti iliyobadilishwa inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Ni heri mtu mwingine asome maneno yake, mkiondoa majina ya watu na ya vijiji.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Neno likishatoka redioni ni vivyo hivyo. Sisi tulibahatika kwa kuwa faili la kwanza lilikuwepo, na mzee alikuwa na moyo wa kusamehe. Ninyi msingoje bahati.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, umewahi kusikia maneno yako yakirudiwa na mtu mwingine nusu nusu? Ulijisikiaje?
2. Katika kikundi chenu, nani anahifadhi sauti za asili? Zinakaa wapi, na nani mwingine anaweza kuzifikia?
3. Rekodini mazungumzo ya dakika tano. Wagawanyike watu wawili, kila mmoja akate yake yawe dakika moja, bila kuonana. Sikilizeni zote mbili pamoja. Je, msemaji ni mtu yule yule?
4. Mkigundua kwamba mmetangaza kipande kilichopotosha, mtafanya nini siku hiyo hiyo?